Mwili Uulizwe Kwanza

Maneno yaliyosemwa na timu yetu ya kazi za vijijini mbele ya memba wa mutualite. Komite imeomba yaandikwe kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Komite ilituita tuje kuongea juu ya kiwewe, ama trauma kama tunavyozoea kusema hapa. Tumefika, lakini tunaomba ruhusa tupitie njia nyingine kidogo. Kabla ya trauma tutaongea juu ya shingo, damu, muhogo na kifafa. Mutaona sababu. Na mwishoni tutagusa kile kifungu cha sheria zenu kinachosema mfuko unasaidia mtu mwenye "ugonjwa wa kweli" na si mwenye "ugonjwa wa kichwa", kwani tumesikia kitarudi mezani kwenye mkutano ujao.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe.

Kuna mama mmoja. Tumepata ruhusa yake, na tumebadilisha mambo fulani asitambulike. Alirudi kwa meli kutoka Kigoma kama wengi wenu. Kambini aliacha kaburi la mume wake, na alipofika hapa akakuta kiwanja chao kimekwisha kujengwa na watu wengine. Sisi wakati ule tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba na fishi ya maswali 20 ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, ile inaitwa SRQ-20. Mtu anajibu ndiyo ama hapana juu ya siku 30 zilizopita. Mama huyu alijibu ndiyo karibu kila pahali. Tukaandika: huzuni kubwa, kiwewe. Tukamweka kwenye kikundi cha mazungumzo.

Alikuja kila wiki. Alikaa kwenye kona, kikwembe kimefunika mabega, na jua la Tanganyika lilikuwa kali hadi sisi tunatoka jasho. Hakusema sana. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyepiga makelele usiku mzima. Uso ulikuwa unanenepa, na yeye anasema hana hamu ya chakula. Wiki zikapita. Wengine kwenye kikundi wakaanza kucheka, kulima, hata kugombana juu ya likelemba. Yeye akazidi kuwa mzito, mtu ukimuuliza jambo unangoja jibu hadi unasahau swali. Sisi wenye diploma tukaambiana: kiwewe chake ni kirefu kuliko cha wenzake, tuongeze vikao.

Aliyetuamsha ni muuguzi mmoja mzee ambaye hajakaa darasa la saikolojia hata siku moja. Alipita pale kutafuta ufunguo wa depo. Akamwangalia mama, akamshika mkono, akaona ngozi imekauka na ni baridi. Akamwambia, "Mama, inua kidevu, umeze mate." Kiisha akatugeukia: "Na nyinyi, shingo hii hamukuiona?"

Damu yake ilipelekwa Bukavu, maana kipimo chenyewe hakipatikani hapa karibu. Jibu likarudi: tezi ya shingo ilikuwa haifanyi tena kazi inavyotakiwa. Tezi hiyo ni kama mtu anayechochea moto jikoni. Ikilala, mwili wote unapoa: moyo unapunguza mwendo, choo kinafunga, usingizi hautoshi, mawazo yanakuwa mazito, na mtu anaonekana ana huzuni ambayo haina mlango. Dawa yake ni kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na anaweza kukimeza maisha yote. Baada ya miezi kadhaa mama alikuja kwenye kikundi bila kikwembe cha mabega. Na njo siku zile, ndipo alianza kumlilia mume wake. Mwanzoni hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Tunaeleza hayo yote kwa sababu watu wakisikia "mwili" wanafikiri tunakataa huzuni. Hapana. Huzuni ya mama ilikuwa ya kweli, kiwanja kilichochukuliwa ni cha kweli. Lakini tulimpa ugonjwa wake jina kabla ya kuuliza mwili, na jina hilo likatufunga macho. Kila kitu alichofanya tukakisoma kama trauma. Hata baridi.

Na sisi watu wa Kivu hatukuwa na haki ya kusahau shingo. Kule kisiwani Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, watafiti kutoka Ubelgiji walifanya kazi miaka ya 1960 juu ya uvimbe wa shingo, ule unaoitwa rovu au goitri. Waliona jambo la ajabu: kaskazini ya kisiwa watu wengi sana walikuwa na uvimbe huo, kusini magharibi wachache, lakini iodini ilikuwa pungufu pande zote mbili. Basi kulikuwa na kitu kingine. Kitu hicho, kama ilivyoeleweka baadaye, ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili unapopambana na sumu hiyo unatengeneza kitu kingine ambacho kinazuia tezi kuchukua iodini ile kidogo iliyopo. Mtoto akikosa iodini angali tumboni mwa mama anaweza kuzaliwa kiziwi, akabaki mfupi, akawa mzito wa akili maisha yote. Majirani watasema ni laana ya ukoo, kumbe ni chumvi. Njo sababu munaambiwa kununua chumvi yenye iodini na kuifunika vizuri isipate unyevu.

Muhogo huohuo una jambo lingine. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, jina lake limetoka kwa Wayaka wa Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hairudi tena kama zamani. Unatokea pahali ambapo watu wanakula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, tena bila samaki, nyama wala maharagi. Wakati wa vita unatokea zaidi, na ninyi munajua kwa nini: mtu anayekimbia hangoji siku tatu. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao huko Kahemba. Waliwapima watoto kwa michezo ya kukumbuka mpangilio na kupanga maumbo. Watoto wenye konzo walipata alama za chini. Hilo mtu angelitegemea. Lakini hata watoto wa maeneo yaleyale ambao miguu yao ilikuwa mizima walipata alama za chini kuliko watoto wa pahali ambapo konzo haijafika. Sumu ilikuwa imegusa kichwa bila kugusa miguu. Sasa fikiria mwalimu anayempiga mtoto kama huyo kwa sababu ni mvivu.

Tunarudi kwenye ile fishi yetu. Baada ya habari ya yule mama tulikaa chini tukaisoma upya, swali kwa swali, na kalamu nyekundu mkononi. Kati ya maswali 20, manane yanauliza mwili moja kwa moja: kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, usingizi mbaya, mikono kutetemeka, chakula kutosagika vizuri, tumbo kusumbua, kuchoka wakati wote, kuchoka haraka. Sasa munijibu wandugu: nani kati yetu, msimu wa mvua, akiwa na malaria na minyoo, anakula mara moja kwa siku, atajibu hapana kwa hayo manane? Mama mwenye upungufu wa damu atachoka. Mtu mwenye njaa hatalala. Anaweza kufika alama kubwa na moyo wake umetulia kabisa.

Fishi haikukosa. Waliyoitengeneza walitaka kiwe chombo cha kuchekecha, kama ungo: inatenga watu wa kuangaliwa vizuri zaidi, na hapo kazi yake inaisha. Kosa ni letu sisi tunaotaka ungo utupikie na bugali. Tunafika jioni tukiwa tumechoka, tunajumlisha namba, tunaandika ripoti: watu kadhaa wana trauma. Mfadhili anapenda namba. Na mtu aliye nyuma ya namba anabaki na rovu lake.

Tena kuna habari ya lugha, na hii itawachekesha. Kwenye fishi nyingine tuliyojitungia wenyewe tuliandika swali: je, umekwenda kwa mganga? Memba waliokulia Lugufu na Nyarugusu walisikia mtu wa hirizi na mizizi, wakaona haya, wengi wakajibu hapana. Wale ambao hawakuvuka ziwa walisikia munganga, yaani dokta wa hospitali, wakajibu ndiyo kwa kiburi. Tulipojumlisha, ilionekana waliobaki wanapenda hospitali kuliko waliorudi. Tulikuwa karibu kuiandika kwenye ripoti! Uongo mzima umetoka kwenye neno moja. Siku hizi tunasema "dokta" na tunasema "mponyaji wa kienyeji", kila mtu na jina lake.

Ama lile swali la kusikia sauti. Mama aliyezika mtoto njiani akikuambia kwamba magharibi ikiingia anasikia mtoto anamwita, usikimbilie kuandika wazimu. Muulize: unasikia wakati gani, sauti inasema nini, inakuogopesha au inakutuliza, na mchana unaendelea na kazi zako? Kupima mtu ni kumsikiliza hadi habari yake ikae kwenye mpangilio. Ilianza lini? Ilianza ghafla ama polepole? Kabla ya hapo alikuwa mtu wa namna gani? Anakunywa nini? Anameza dawa gani? Swali la dawa tulikuwa tunaliruka. Kuna dawa moja ya SIDA iliyotumiwa sana miaka iliyopita, efavirenzi, ambayo inaweza kuleta ndoto za kutisha na huzuni. Mtu ameificha dawa yake chini ya godoro, anaota ndoto mbaya kila usiku, na sisi tunamuuliza juu ya vita.

Bon. Wengine watasema sasa: basi kila kitu ni mwili, tupeleke watu wote labo. Hapo pia kuna shimo, na tumeliona kwa macho. Binti mmoja alitibiwa malaria mara tatu mfululizo. Alikuwa anakuja na kichwa kinauma, moyo unapiga, hana usingizi. Kila mara kipimo cha haraka kilionyesha malaria, kila mara alipewa vidonge. Lakini kipimo kile cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Na pahali petu mtu anaweza kuwa na vijidudu ndani ya damu bila kuwa ndivyo vinavyomsumbua siku ile. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine, kwa sababu jibu lilikuwa limepatikana. Alichofanyiwa shambani hatutakisema hapa. Alikuja kukisema mwenyewe, kwa mama mmoja wa timu yetu, siku ambayo hakuna mtu aliyeshika fishi.

Basi jina la malaria linaweza kufunga macho sawa vile jina la trauma.

Juu ya kiwewe chenyewe tuseme kidogo, kwani njo mulituitia. Munamjua yule baba ambaye pikipiki ikilipuka barabarani, paa, tayari yuko nyuma ya nyumba kabla hajajua amekimbia. Watoto wanamcheka. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, wataalamu wanaiita amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele, na inapiga kabla mawazo hayajafika. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, tumbo linasimama, miguu inapata nguvu. Nyuma yake inakuja kortizoli, inaweka mwili macho muda mrefu zaidi. Siku ya kukimbia kweli, hiyo ni baraka. Wengi wenu muko hai kwa ajili yake. Taabu ni pale kengele inapoendelea kulia miaka mingi baada ya meli kutia nanga. Sehemu nyingine ya ubongo, hipokampo, inasaidia kuweka kila kumbukumbu kwenye tarehe yake. Kwa mtu mwenye kiwewe tarehe zinachanganyika, mlio wa leo unakuwa mlio wa siku ile. Baba huyo si mwoga, wala hana pepo. Na tumbo linalomuuma si la kuigiza.

Lakini tuseme ukweli: hakuna kipimo cha damu cha kiwewe, hakuna cha huzuni. Hata kule kwenye mashine kubwa za kupiga picha ya ubongo, dokta hamtambui mtu mwenye huzuni kwa picha. Labo inatusaidia kuondoa magonjwa mengine mlangoni. Kiisha inabaki kazi ya kuuliza na kusikiliza.

Sasa mambo ambayo hayangoji. Haya tunaomba muyashike, na mama aliyekaa karibu na mlango amwambie jirani yake ambaye hakufika. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo anachanganya siku na pahali, hatambui watu wa nyumbani, saa fulani anaelewa na saa nyingine haelewi, ana homa ama anaona vitu visivyokuwapo: huyo ni wa hospitali leo hii, hata usiku. Inaweza kuwa malaria ya ubongo, inaweza kuwa maambukizi ya utando wa ubongo, inaweza kuwa sukari imeshuka. Mama aliyejifungua juzi akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, vilevile. Musiseme ni wivu wa mke mwenzake. Mtu wa umri mkubwa ambaye hajawahi kuwa na matatizo ya akili, akibadilika mara ya kwanza sasa, mtafute kwenye mwili kwanza. Aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi na kupiga kichwa, hata kama aliamka akacheka.

Na huyu mwingine ambaye tunamwona kila mwaka: mtu wa kanyanga. Amekunywa kila siku miaka na miaka. Ameokoka Jumapili, ameacha siku ileile, watu wanapiga vigelegele. Jumatatu anatetemeka. Siku ya pili hadi ya nne anaona wadudu ukutani, anapiga kelele, jasho linamtoka. Ndugu wanasema mashetani yanapigana kabla ya kutoka, wanamfungia kwenye chumba cha maombi na mfungo mkavu. Hiyo si hatua ya wokovu, ni mwili ulionyang'anywa pombe ghafla, na unaweza kumuua. Aache, ndiyo, tunafurahi. Lakini aache mikononi mwa muuguzi, anywe maji, ale.

Tunafika kwenye kifafa, na hapo njo tunaingia ndani ya mfuko wenu.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo: umeme wake unapiga shoti kwa dakika chache. Hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate, wala kwa kuruka mkojo wa mgonjwa. Mguse, mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, usimtie kijiko mdomoni. Kinaweza kuja baada ya malaria ya ubongo, baada ya kuzaliwa kwa taabu, baada ya kupigwa kichwani. Kwenye mito yenye maji ya kasi, kule inzi weusi wanaleta upofu wa mito, kifafa kinaonekana zaidi. Kuna pia mnyoo wa nguruwe, na hapa watu wanachanganya. Ukila nyama isiyoiva unapata mnyoo tumboni. Lakini vile vifuko vinavyokaa ndani ya ubongo na kuleta kifafa vinatoka kwenye mayai ya mnyoo, na mayai yanatoka kwenye choo cha mtu mwenye mnyoo, yanapita kwenye mikono na maji. Kwa hiyo hata mtu asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata, akiwa jirani ya choo kibaya.

Dawa ipo. Fenobarbitali imetumiwa kwa kifafa tangu 1912, ni kati ya dawa za bei ndogo kabisa. OMS inasema watu hadi 70 kwa mia wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Sharti ni moja tu, na ni gumu: imezwe kila siku, na isikatwe ghafla. Ikikatwa ghafla, mishtuko inaweza kufuatana bila kusimama, mtu akafa.

Kuna kijana mmoja, memba wa mutualite hii, munamjua na hatutamtaja. Aliangukia jiko mara mbili. Mara ya kwanza mfuko ulilipa hospitali: kuungua ni ugonjwa wa kweli. Mara ya pili mfuko ulilipa tena, na ilikuwa siku nyingi za kitanda. Katikati ya hizo mara mbili familia iliomba pikipiki ya kwenda kuchukua vidonge kila mwezi. Jibu likawa: hapana, hicho ni cha kichwa. Hatusemi hayo kuwahukumu. Mzee mmoja wa komite alituambia kwa upole kwamba mfuko ni mdogo na magonjwa ya kichwa hayana mwisho, na kuhusu udogo wa mfuko ana haki. Sisi wenyewe tumeona daftari. Lakini jumlisha zile siku za kitanda, kiisha jumlisha pikipiki ya miezi ile yote, uone ni ipi iliyokula mfuko.

Kwa hiyo tunayoomba ni madogo. Mfuko ulipe safari ya kwanza ya memba yeyote ambaye watu wanasema kichwa chake kimebadilika, aende kituo cha afya apimwe damu, malaria, sukari na presha, aangaliwe shingo na macho. Aende na mtu mmoja anayeishi naye, kwani mgonjwa peke yake hataweza kueleza ilianza lini. Kwa wenye kifafa, mfuko ulipe pikipiki ya vidonge. Na wale wachache ambao titulere ataona wanahitaji kupanda hadi SOSAME, Bukavu, komite ijadili mmoja mmoja, maana safari ile ni ghali na hatutaki kuwadanganya. Kwetu sisi, tumekubaliana kwamba hakuna mtu atakayeingia kikundi cha mazungumzo kabla muuguzi hajamwona. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, yule mama asingekaa na baridi wiki zile zote.

Maswali yalikuwa mengi; tunaandika matatu.

Mama mmoja aliuliza: na kama vipimo vyote vimetoka bila kitu, tuseme anajifanya? Tulimjibu kwamba hapana. Labo imesema tu kwamba vitu vile vichache inavyojua kutafuta haikuviona. Mgonjwa bado ni mgonjwa, na sasa njo zamu yetu ya kukaa naye. Musimwambie "hauna kitu". Hakuna neno linalouma kama hilo.

Mchungaji mmoja aliuliza kama tunapiga vita maombi. Hatupigi. Wengi wetu tunaomba, na tumeona watu wanapata nguvu ya kuamka asubuhi kwa ajili ya kanisa lao. Tunaomba tu mambo mawili: mtu asikatazwe vidonge vyake, na asinyimwe chakula na maji. Mchungaji alisema atalitangaza Jumapili. Tunamshukuru mbele yenu wote.

Mwisho mzee mmoja alisimama, akasema nyinyi watoto mumetuogopesha na muhogo, na sisi hatuna kitu kingine cha kula. Muhogo si adui, baba. Ule mchungu uloweke siku tatu nzima, usipunguze hata kama wageni wamefika, kiisha uanike juani hadi ukauke vizuri. Na kama una wasiwasi na unga uliokwisha kununua sokoni, kuna njia ambayo akina mama wa Kwango wamefundishwa: changanya unga na maji uwe kama ugali mbichi, uutandaze mwembamba juu ya turubai au ungo mpana, uache saa mbili juani ama saa tano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Jioni ileile unapika bugali kama kawaida. Na pembeni weka ndagaa ama maharagi, hata kidogo.